Jagi Langoni

Siku wanafunzi wapya walipofika chuoni, Mama Sefu na mumewe walisimama langoni na jagi la maji. Mumewe aliwaambia wazazi waliopanga foleni juani, "Mwanetu alinyweshwa majagi tisa kama hili na wenzake wa mwaka wa pili. Walisema wanamkaribisha. Tumemzika." Mama Sefu hakutulia, jagi alilihamisha mara mkono huu, mara ule.

Msichana mwenye sanduku, aliyefika wakati huo, akadhani maji yanagawiwa. Akanyoosha kikombe.

"Naomba, mama."

Akammiminia. Msichana akayagugumia, akanyoosha tena.

"Kimoja kinatosha, mwanangu."

"Nina kiu, mama. Nimetoka mbali."

Mama Sefu akainamisha jagi. Maji yakapita kando ya kikombe, yakamwagikia viatu vipya vya msichana, na kikombe kikabaki kitupu, kimenyooshwa vilevile.