Udi wa Bi Asumini

Fundi Mbarouk alikuwa juu ya ngazi uani kwa Bi Asumini, akikijaza kiyoyozi gesi mpya, ndugu ya ile ya kupikia: haiharibu anga, lakini na moto haipatani kamwe. Mara akasikia harufu ya udi. Chini ya ngazi, Bi Asumini alikuwa ameinua chetezo chenye makaa mekundu.

"Bibi, toa huo moto! Gesi hii mpya itatulipua!"

"Mgeni haondoki kwangu hajafukizwa, mwanangu. Nitauweka wapi uso wangu?"

Mbarouk akafunga mtungi wa gesi, akashuka, akamsihi bibi waende barazani. Huko akalitanua shati lake, moshi ukampanda mpaka kidevuni. Akashusha pumzi.

"Umenukia," alisema Bi Asumini, akiyapuliza makaa. Kisha akaelekea uani, chetezo mbele. "Sasa na hiyo gesi. Nayo si ngeni?"