Uzi wa Mgonjwa

Muuza miche alimwachia Mwanakheri mwaridi uliokauka kwa bei ya kutupa. Akaupanda nyuma ya jiko, akaufunga uzi mwekundu shinani, akasema huyu ndiye mgonjwa wake. Kila asubuhi alikwenda kumjulia hali.

Mumewe, Athmani, alimwonea huruma. Siku moja mkewe alipokwenda sokoni, aliung'oa, akautupa jalalani, akapanda mwingine mzima pale pale, akaufunga uzi mwekundu kama ule.

"Mkono wako una baraka, Mama Raya," alimwambia aliporudi.

Mwanakheri alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kutazama.

Mvua zilipokatika, alikwenda jalalani kumwaga majivu, akarudi amekumbatia mche. Ule mwaridi mkavu ulikuwa umechipua, uzi mwekundu ungali shinani.

Athmani aliuona uzi, chai ikampalia.

"Baba Raya, chimba shimo la pili," mkewe alisema.

Akachimba bila kuinua uso. Alipomaliza, Mwanakheri aliufungua ule uzi, akamfunga yeye mkononi.

"Yule kapona. Mgonjwa wangu sasa ni wewe."

Jioni Athmani alikwenda kucheza bao. Kila aliponyoosha mkono kutia kete, uzi mwekundu ulichungulia kwenye mkono wa kanzu.