Bangili ya Elinipa

Kila mwanafunzi alivaa bangili, na mzazi wake nyingine. Mtoto akipigwa, mzazi aliusikia uchungu papo hapo. Elinipa, fundi cherehani, aliivua yake kazini, maana ilimshtua akaharibu nguo za watu. Alijiambia maumivu yale ni michezo ya watoto tu.

Jumamosi moja, akimsuka bintiye Ndeshi, aliona alama nyeusi mabegani.

“Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Nilijua unasikia, mama. Nikadhani umeona ni sawa.”

Jumatatu Elinipa alikwenda kwa mwalimu mkuu. Watoto wanne waliokuwa wakimpiga Ndeshi waliitwa pamoja na wazazi wao, na kipigo kikakoma.

Lakini hadi leo, Ndeshi akiumia, humkimbilia shangazi yake. Elinipa hubaki mlangoni, bangili mkononi, akiusikia uchungu wa mwanawe.