Fulana ya Shemeji

Nilikuwa nimeilaza fulana ya shemeji kifudifudi ili niipige pasi mgongoni, palipochapwa miji kumi na miwili ya ziara ya bendi. Nikasita kwenye mji wa mwisho.

Mwenyewe, mchumba wa dada yangu, aliyefiwa na mke kabla hawajajuana, alikuwa ameegemea kaunta ya duka langu la udobi akibishana na kinyozi wa jirani. Kinyozi alishikilia kwamba bendi imekomaa. Mwimbaji ameacha mayowe, siku hizi anaimba.

"Imekwisha hiyo," shemeji alisema. "Nu metal ni muziki wa hasira, si wa kubembelezana. Halafu wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, onyesho la mwisho la ziara hii. Mwimbaji aliruka kutoka jukwaani akaniangukia. Hapa."

Akafunua bega. Kovu lilikuwepo kweli, refu kama kidole cha mtoto, linang'aa. Kinyozi akainama kulitazama.

Pasi ilianza kutoa harufu ya kuungua. Nikaiinua.

Onyesho la mwisho halikufanyika. Mwimbaji alipoteza sauti, na fulana zilikuwa zimeshachapwa. Najua kwa sababu tulinyeshewa jioni nzima nje ya geti lililofungwa, tiketi mkononi, mimi na dada.

Nikageuka. Dada alikuwa ameacha kukunja mashuka.

"Hebu niambie tena," alimwambia mchumba wake, taratibu. "Marehemu mke wako, ulisema alizikwa wapi?"