Kura ya Fundi Viatu

Walburga Hirnschall alipiga magoti kwenye vipande vya ngozi, mbele ya fundi viatu, akamwomba awapigie kura watu waliomchukua mume wake.

"Inuka, binti," Mzee Eustach alisema. "Unanitia aibu."

"Siinuki mpaka uniambie utaweka Ndiyo."

Alikuwa amekwisha kupita nyumba zote za kijiji cha Hinterloh, na hii ndiyo ya mwisho. Jumapili serikali mpya ya Wanazi ingewauliza Wajerumani wote kama wanaiunga mkono: Ndiyo au Hapana. Na Gebhard Pirzer, zamani wakala wa bima, sasa kiongozi wa chama pale kijijini, alikuwa amemsimamisha Walburga nje ya kanisa, akamwambia kwa upole kabisa: "Kijiji kikitoka safi, Ndiyo tupu, mimi mwenyewe nitamsemea Korbinian kwa wakubwa. Krismasi atakula bata bukini nyumbani. Lakini ikitokea Hapana hata moja, dada yangu, mimi sina la kufanya."

Korbinian alikuwa fundi magurudumu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi zake. Walimtoa baani mwezi wa sita, katikati ya mzaha kuhusu chama, watu bado wanacheka. Tangu hapo barua mbili tu kutoka kambi ya wafungwa, na ya pili mwandiko ulikuwa umepinda kama wa mtoto. Walburga aliisoma mara moja, hakuthubutu kuisoma tena.

"Wewe ndiye baba yake wa ubatizo," alimwambia mzee. "Mkono usioweza kuukata..."

"Ubusu, najua. Nina miaka sabini na moja, mimi sijabusu mkono wa mtu isipokuwa wa askofu." Mzee alipigilia msumari mmoja kwenye soli, halafu akaiweka nyundo chini. "Korbinian akisikia, atanitemea mate usoni."

"Akutemee! Ila akutemee hapa hapa, akiwa na meno yake yote."

Mzee Eustach aliichukua tena nyundo. Alirudi kwenye soli yake, na Walburga akaondoka hajapata neno. Usiku huo hakulala, na uliofuata pia.

Jumapili watu walitoka misani wakaenda moja kwa moja shuleni. Vijana wenye mashati ya kahawia walisimama mlangoni wakimbandika kila aliyepiga kura beji kifuani. Walburga alikaa kwenye benchi la ukutani akiwahesabu. Mjane aliyemfukuza kwa ufagio siku ya Jumatano alikuja. Wale ndugu wawili wa machimboni, wabishi kupindukia, nao walikuja, wakainamisha vichwa walipompita. Walikuja kwa ajili yake, na yeye alilijua hilo, na moyo ulimuuma kwa shukrani.

Mzee Eustach alikuja wa mwisho kabisa. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa humo muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Ee Mungu, mzee huyu anafanya nini humo? Alipotoka, uso wake ulikuwa mweupe. Aliwaacha vijana wambandike beji, akaenda kusimama nje bila kumtazama Walburga.

Kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kupiga, Pirzer aliagiza sanduku lifunguliwe saa ile ile. Mwalimu alitoa karatasi moja moja, akasoma kwa sauti.

"Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Walburga alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Mia moja. Mia moja na hamsini. Zilipobaki karatasi chache tu, mwalimu aliisogeza moja karibu na macho. Akaigeuza karatasi kuelekea dirishani.

"Vipi?" Pirzer aliuliza.

"Ina alama mbili, Bwana Pirzer. Ya kwanza kwenye Hapana. Imefutwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Halafu hii nyingine, kwenye Ndiyo."

Kila mtu pale alijua ni ya nani. Pirzer aliichukua, akaitazama pande zote mbili, na Walburga akainuka kwenye benchi.

"Ndiyo," Pirzer alisema hatimaye. "Mtu amejirekebisha. Endelea."

Mia mbili na kumi na moja kati ya mia mbili na kumi na moja. Hapana hata moja. Vijana walishangilia, na Pirzer akakimbilia chumba cha mwalimu kupiga simu wilayani. Walburga alitoka mbio, akamkuta Mzee Eustach ameegemea ukuta, analia waziwazi.

"Nimewapa, Walburga. Nilishaweka ile nyingine, nikakuona wewe na magoti yako. Nimewapa."

"Anarudi, Mzee wangu," alisema akimkumbatia. "Umemrudisha wewe. Anarudi!"

Akarudi ndani akifuta macho. Pirzer alikuwa anatoka kwenye simu, na yeye pia macho yalikuwa yamelowa. Alimshika Walburga mikono yote miwili, kwa furaha ya kweli isiyo na hila.

"Wakubwa hawaamini! Wilaya nzima sisi tu ndio tumefikisha zote. Wameniuliza, Pirzer, umefanyaje?"

"Na Korbinian? Umewaambia habari za Korbinian?"

"Hizo hizo ndizo nilizowaambia! Uchaguzi wa Machi, akiwa hapa, chama kilipata kura hamsini na tisa. Leo hayupo, tumepata zote." Akambinya mikono. "Sasa dada yangu, sema wewe mwenyewe: mtu kama huyo unamrudishaje?"