Alhamisi za Opal

Alhamisi ya tatu mfululizo, Opal Tull alitoka jikoni kwa akina Ludie vidole vyeupe pe. Ludie, aliyekuwa kakaa juu ya uzio akimsubiri, hakuhitaji kuambiwa. Unga huo. Mama yake alikuwa akimpikia mtoto wa watu, mlango umefungwa, wanakula wawili wanamaliza. Yeye hata harufu hakuachiwa.

"Mnafanya nini humo ndani?"

"Hamna."

"Hamna ndiyo inapaka watu vidole?"

Opal akaficha mikono nyuma ya gauni. "Muulize Bi Cora mwenyewe."

"Una mama yako. Nenda ukamnyonye huyo."

Opal akageuka, akaondoka. Miaka kumi hao wawili walikuwa wakila kokwa za pekani kutoka mfuko mmoja, mtaa mzima ukiwaita pacha. Sasa pacha mmoja alikuwa kachaguliwa.

Kumuuliza mama, aanzie wapi? Kila Alhamisi saa tisa ni mama huyohuyo aliyemtuma mbali: kamwone shangazi, kaokote kuni. Jioni macho yalimuuma mama, kama kawaida yake, na Ludie akamsomea Biblia, kama kawaida yake. Uchangamfu wote Opal alikuwa keshaumaliza.

Alhamisi ya nne Ludie hakwenda kwa shangazi. Nyumba za Alabama husimama juu ya nguzo za matofali, na chini yake hulala kuku na mbwa. Akajipenyeza humo kwa tumbo, akatega sikio. Juu ya mbao mama alikuwa anacheka, kicheko cha msichana, ambacho Ludie hakupata kukisikia maishani.

"Hapo sawa, Bi Cora," Opal akasema. "Rudia tena."

"Ila Ludie asijue. Nakuomba sana."

Ludie akauma mkono wake mpaka alama za meno zikabaki kwenye ngozi.

Wiki iliyofuata akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa mwandiko wake ulio safi kuliko yote, herufi kubwakubwa. Akaiweka karatasi mezani jikoni, kisha akarudi chini ya nyumba kumsikiliza mama akilia.

Viti vikavutwa. Kitu kama chaki kikakwaruza ubao, kikakoma.

"Opal, hebu ona. Hapa ni 'Mama'. Si ni 'Mama' hapa? Ludie kaniandikia mimi."

"Lete nikusomee, Bi Cora."

"Thubutu! Miaka thelathini na minne nangoja kusoma kitu bila kushikwa mkono. Na chenyewe kimetoka kwa mwanangu."

"Tuanze na kingine leo. Tafadhali, Bi Cora."

"Nyamaza, mtoto wewe, utanipoteza."

Kisha sauti ya mama ikashuka kwenye nyufa za mbao, taratibu, inapapasa, kama ya mtoto wa darasa la kwanza:

"Si... ku... pe..."