Zawadi ya Kumwona Mtoto

Sengondo, waziri wa fedha, alifika kwa binti yake na suti ile ile aliyovaa asubuhi akitia saini mkopo mwingine wa serikali. Ulikuwa wa kujenga uwanja wa ndege ambao hata yeye hakuona haja yake, na ungelipwa kwa miaka arobaini.

"Mjukuu wako huyu, baba," alisema Mwanahawa. "Mtie kitu mkononi kwanza, ndipo umwangalie."

Ndiyo desturi ya mji ule. Mtoto mchanga hatazamwi bure. Sengondo alipapasa mifuko yote. Hakuwa na hata shilingi. Alichokuwa nacho ni kalamu aliyozawadiwa na wakopeshaji baada ya kusaini. Akaitoa bila kufikiri, na mtoto akaifumbata.

Alipotambua alichompa, alijaribu kuivuta. Mtoto hakuachia.

"Nisamehe," alimnong'oneza.

"Usijali, baba," binti yake alicheka. "Pesa utamletea siku nyingine."

Kalamu ilikuwa inavuja. Mwanahawa alilowesha pembe ya kanga akaanza kumfuta mtoto, na kila alipofuta, wino ulizidi kutapakaa kwenye kile kiganja kidogo.